Kiti cha Pili cha Chumba cha Pasi

Kiti kilikuwa na joto.

Si joto la jua, maana dirisha la chumba kile lilitazama matangi ya maji na jua halikuingia humo hata kwa kuombwa. Lilikuwa joto la mtu, la mtu aliyekaa saa nzima akainuka sasa hivi. Wakili aliweka kiganja juu ya ubao wa kiti, akakiondoa, akakiweka tena. Kisha akautazama ufunguo mkononi mwake. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na alikuwa nao yeye.

"Wajinga hawa," alisema. "Wamechonga mwingine."

Ndivyo alivyokuwa. Jambo lolote lililomshinda kuelewa, kwanza alitafuta mjinga wa kumtwisha.

Wenzake walimwita Wakili, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, na yeye aliokota nusu ya heshima akaiacha ile nyingine ilale pale pale chini. Alikuwa mwaka wa tatu wa sheria, katika bweni la ghorofa tatu lenye wasichana mia na ushei, na hakumchukia hata mmoja wao. Chuki ni kazi. Inataka umfikirie mwenzako. Wakili aliwadharau tu, kama mtu anavyomdharau inzi: mkono unapunga, macho hayainuki kitabuni.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa ukumbi wa ghorofa ya tatu. Zamani wasichana walipigia pasi humo, mpaka nyaya za ukutani zikaungua, soketi zikazibwa kwa plasta, na chumba kikasahaulika. Kulibaki meza ndefu yenye alama nyeusi za pasi, na viti viwili vya mbao. Matroni alimpa Wakili ufunguo mwaka uliotangulia.

"Wewe angalau huna makelele," alimwambia.

Na kweli chumba kile kilikuwa na utulivu ambao haukupatikana mahali pengine popote chuoni. Maktaba ilikuwa na watu wa kunong'ona, ambao ni wabaya kuliko wa kupiga kelele. Bustanini kulikuwa na wapenzi. Ila ndani ya chumba cha pasi ulifunga mlango, na bweni zima, na milango yake inayobamizwa na ndoo zake na vicheko vyake, likazimika kama taa. Wakili hakuwahi kujiuliza kwa nini mlango wa mbao nyepesi uweze kuzuia kelele kiasi hicho. Aliona ni haki yake.

Mama wa usafi ndiye aliyewahi kujiuliza. Alikuwa amefagia bweni lile miaka kumi na tisa, na kila siku fagio lake lilifika kizingitini pa chumba cha pasi na kugeuka.

"Mbona ndani hufagii?" Wakili alimuuliza siku moja. "Unalipwa kufagia nusu?"

Mama wa usafi aliegemea fagio. "Mwanangu, chumba kukaa kimya si kwamba hakina mtu."

"Mama, hayo kawasimulie wa mwaka wa kwanza."

"Nimekwambia nawe pia. Umesikia au hukusikia, mimi nimeutua mzigo wangu."

Wakili alicheka kwa pua na kufunga mlango.

Mtihani mkubwa wa muhula ule ulikuwa wa kusimama. Kila mwanafunzi angepewa kesi na kuisema kwa mdomo mbele ya walimu watatu, yeye akiwa mwendesha mashtaka. Wakili hakukubali kusoma kesi za vitabuni tu. Alitaka kuzoea kumtazama mtu na kumshtaki. Kwa hiyo alikisogeza kiti cha pili mwisho wa meza, akakifanya kiti cha hakimu. Kila siku saa nane mchana alifunga mlango, akanyoosha sketi, akainama kidogo mbele ya kile kiti kitupu na kusema, "Mheshimiwa Hakimu, naomba kuanza."

Washtakiwa hakuwa na haja ya kuwatafuta mbali. Bweni lilikuwa limejaa.

Wa kwanza alikuwa binti wa chumba cha kumi na mbili, ambaye Wakili alimwita Viatu. Huyo alivaa visigino virefu hata kwenda kuoga, akipita ukumbini ko, ko, ko, utadhani farasi kapoteza njia. Wakili alimshtaki kwa kuvunja amani ya watu wenye akili. Alisema vizuri, mwenyewe alijisikia. Alipofika mwisho aliinua kidole.

"Mheshimiwa, tunaomba miguu hiyo isikanyage tena ukumbi huu."

Ukimya ukamjibu. Halafu, kutoka mwisho wa meza, ikasikika sauti ndogo kavu ya ubao kugongwa na ubao. Mara moja.

Wakili alidhani ni meza inajinyoosha kwa baridi. Alinusa pia harufu ya kitambaa kilichoungua chini ya pasi, akadhani ni wajinga wa ghorofa ya pili wanachoma nguo zao. Akafunga vitabu, akatoka.

Kesho yake asubuhi Viatu alianguka ngazini, akavunjika mguu juu ya kifundo. Walioshuhudia walisema hakuteleza. Alisimama wima kwenye ngazi, akauangalia mguu wake kama mtu anayemwangalia mgeni, na mguu ukapinda wenyewe.

Hapa ndipo mtu mwenye moyo angeshtuka. Wakili alitulia kitandani akalitafakari jambo lile kama mtu anayeonja kitu ulimini, na hofu ilipokuja ilikuta mahali pake pamekaliwa. Ukumbi ulikuwa umetulia. Alisoma vizuri sana wiki ile. Akajiambia ni bahati mbaya ya Viatu na bahati njema yake, na kila aliyevaa kisigino kirefu ajue ngazi si mama yake.

Kisha ikaja zamu ya Redio.

Redio walilala naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa anasomea ualimu, msichana mfupi mwenye macho makubwa, aliyeamka akiongea na kulala akiongea. Alizungumzia ndoto aliyoota, mwalimu aliyevaa soksi mbili tofauti, na zaidi ya yote mama yake, mpishi wa shule ya msingi, aliyefanya hili na kusema lile na siku moja akapiga kelele mpaka mkuu wa shule akaomba radhi ingawa kosa halikuwa lake. Kila siku mama, mama, mama. Wakili alikuwa amejifunza kuitikia "mm" bila neno hata moja kupita sikioni.

Ikiwa imebaki wiki tatu mtihani ufike, Redio alimgongea mlango wa chumba cha pasi.

"Shoga, samahani. Nina dakika mbili tu. Mama yangu amelazwa, nimepigiwa simu sasa hivi, sijui nifanyeje, nikasema nije nikae na wewe kidogo..."

"Huoni nasoma?"

"Sitasema kitu. Nitakaa tu hapo, kwenye kile kiti."

"Wewe usiseme kitu?" Wakili alimtazama toka utosini mpaka kidoleni. "Nenda kaongee na ukuta. Ukuta hauna mtihani."

Redio alikitazama kile kiti, kisha akaondoka. Wakili alifunga mlango kwa ufunguo, akiwa na hasira ya mtu aliyekatishwa sentensi katikati. Akanyoosha sketi. Akainama.

Siku ile alisema kuliko siku zote. Alimshtaki Redio kwa kila asubuhi ya miaka miwili na ushei. Alimwita bomba lililopasuka, kasuku asiye na mwenyewe, akamvua utu kipande kwa kipande mbele ya kile kiti, na kadiri alivyosema ndivyo chumba kilivyozidi kumsikiliza, mpaka akahisi usikivu ule mgongoni kama mkono unaomsukuma mbele. Mwisho, kwa raha, akajitungia na hukumu yenyewe, jambo ambalo hakuna mwendesha mashtaka anayeruhusiwa.

"Mahakama inaamuru mdomo wake ufungwe."

Ubao ukagonga ubao. Safari hii kiti kililia pia, kama kinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa.

Asubuhi Redio aliamka, akakaa kitandani, akafungua kinywa kusimulia ndoto yake, na hakukutoka kitu. Hakukohoa wala hakukwama. Midomo ilicheza, koo likapanda na kushuka, na chumba kikawa kimya kabisa. Alijishika shingo. Akamtazama Wakili.

Wakili alisema, "Umepata mafua," akachukua vitabu, akaondoka. Siku ile alisoma kurasa arobaini.

Zahanati ya chuo haikuona ugonjwa. Daktari alimulika koo, akagonga magoti, akasema ni uchovu wa mitihani na habari ya mama kulazwa, apumzike. Siku ya tisa akampa kalamu na daftari aeleze anavyojisikia. Jioni Matroni alimwita Wakili ofisini kwake. Daftari lilikuwa mezani.

"Wewe ndiye unayelala naye," Matroni alisema kwa sauti ya chini. "Hebu nitazamie hii. Daktari anasema akimwuliza jina anaandika hivi. Akimwuliza umri anaandika hivi. Akimwuliza panamuuma wapi..."

Wakili alifunua. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano, mwandiko wa Redio wa mviringo, mstari chini ya mstari: *Mahakama inaamuru mdomo wake ufungwe. Mahakama inaamuru mdomo wake ufungwe.*

"Unayajua maneno haya?" Matroni aliuliza.

"Hapana," alisema Wakili, akalifunga daftari.

Alipanda ngazi akijiambia kwamba Redio alisikiliza mlangoni, ndiyo, mbea yule, aliondoka akarudi akabandika sikio mlangoni akasikia kila kitu, na sasa anamfanyia mchezo wa kitoto. Na kwa kuwa jua lilikuwa bado halijazama na watu walikuwa wakipita na mataulo yao mabegani, alifungua chumba cha pasi ili achukue vitabu vyake na asirudi tena wiki ile. Mlango ukajifunga nyuma yake polepole, na kelele zote za bweni zikakatika, na harufu ya kitambaa kilichoungua ikampanda puani, nzito, yenye kitu cha nyama ndani yake, na aliponyoosha mkono kuchukua kitabu cha kwanza aliona kwamba kiti cha pili kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo kutoka mezani, kwa nafasi ile ile anayoiacha mtu mnene ili tumbo lipumue, na kwamba ubao wake ulikuwa umebonyea katikati, ukibonyea zaidi, ukilia taratibu, kama aliyekaa juu yake anainama mbele apate kumwona vizuri, na miguu yake, yeye Wakili ambaye hakuwahi kumwinamia mtu kwa hiari, ikajipanga, na mgongo wake ukainama wenyewe, na kinywa chake kikasema bila yeye kukiruhusu, "Mheshimiwa Hakimu."

Na kile kiti kikacheka. Kilicheka kwa sauti ya Redio, kile kicheko cha asubuhi alichokijua kama anavyolijua jina lake.

"Enhe, shoga," kikasema. "Leo unaniletea nani?"

Alikimbia. Vitabu aliviacha, ufunguo aliuacha mlangoni, na viatu vilimvuka pale kwenye ngazi. Mama wa usafi alimkuta amekaa chini ya ngazi za ghorofa ya kwanza, magoti kifuani.

Mama wa usafi hakumshika bega. Aliweka ndoo chini.

"Umemkuta nyumbani," alisema.

"Mama, nisaidie."

"Sasa mimi ndiye mama? Wiki iliyopita nilikuwa mtu wa nusu mshahara." Akamwacha asubiri kidogo, hivyo hivyo chini, watu wakipita. Halafu akasema, "Kesho mchana njoo nikupeleke kwa wifi yangu. Na umwambie kweli. Yule ukimdanganya anakufukuza."

Wifi yake alikuwa fundi wa vyerehani mwenye duka dogo nyuma ya soko. Alikuwa mwanamke mnene, miwani imefungwa uzi, na mbele yake cherehani kimefunguliwa tumbo. Aliendelea kupaka mafuta wakati Wakili akieleza. Wakili alieleza kama alivyofundishwa, kwa mpangilio, akipamba hapa na kulainisha pale. Fundi alimkatiza.

"Hayo ya 'inawezekana' na 'kwa bahati mbaya' kaweke chuoni. Ulisema ufungwe au hukusema?"

"Nilisema. Lakini sikujua kwamba kuna..."

"Ulipokuwa unainama na kusema 'Mheshimiwa', ulikuwa unasema na nani?"

"Na hakuna mtu."

"Hakuna mtu!" Fundi alimgeukia wifi yake. "Umemsikia msomi? Anampigia magoti hakuna mtu, anampa cheo hakuna mtu, anamletea watu hakuna mtu. Yule alikuwa kwenye kona yake miaka yote, hana kazi, hana jina. Wewe ukamvuta kiti. Hata mimi ningekaa."

"Nifanye nini?"

"Kesi huondolewa na aliyeileta. Utarudi mchana, si usiku, na wale uliowashtaki wote wawe humo. Utasema naondoa, na utamtaja kila mmoja kwa jina lake na la mama yake, maana majina ya kejeli unayowapa yeye hayajui. Akikuuliza neno lolote, usijibu. Kisha mkisukume kiti kianguke. Kitakuwa kizito kama kimekaliwa. Msikiache mpaka kianguke."

"Wewe hutakuja?"

"Magoti yangu hayapandi ngazi za watu wanaojua kila kitu," alisema fundi, akarudi kupaka mafuta.

Ndipo Wakili alipogundua kwamba hajui jina la mama yake Redio.

Alikaa kitandani akalitafuta. Redio alikuwa amelitaja mara mia. Alikumbuka mama huyo ni mpishi, alikumbuka habari ya mkuu wa shule, na jina lilikuwa shimo. Redio mwenyewe alikuwa amelala ukutani upande wa pili, amempa mgongo, na kumpa kalamu ilikuwa kujitakia kuisoma tena ile sentensi. Tangu asubuhi ile hakumtazama Wakili tena hata mara moja. Ikawa hakuna njia ila chumba cha kumi na mbili.

Viatu alikuwa amekaa kitandani, mguu kwenye plasta, na wasichana wanne wamemzunguka. Mazungumzo yalikatika Wakili alipoingia.

"Naomba kuuliza," alisema. "Mama yake Redio anaitwa nani?"

Walitazamana. Viatu ndiye aliyejibu. "Mama yake nani?"

Wakili akalitaja jina la Redio, lile la kwenye orodha ya bweni.

"Ahaa. Mnalala chumba kimoja mwaka wa ngapi huu?"

"Wa tatu."

"Wa tatu." Viatu akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nimeongea naye jikoni mara tano, na ninajua jina la mama yake, na la shangazi yake, na wodi aliyolazwa. Leo alikuwa anatolewa dripu. Ulijua?"

"Sikujua."

"Unataka la nini?"

Akawaambia. Aliwaambia yote, amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Alipofika kwenye habari ya mguu, msichana mmoja aliinuka ili ampige, Viatu akamzuia kwa gongo.

"Muache. Ukimgusa utanawa kwa sabuni gani?" Kisha akamwambia Wakili, bila kupandisha sauti, "Jina nitakupa. Na nitakuja, kwa ajili yake, si yako. Ila niombe. Vizuri. Kwa jina langu."

Jina lake pia Wakili hakulijua. Alilazimika kuliuliza, na la mama yake, kisha akaomba. Wote wanne walimsikiliza mpaka mwisho wakiwa wamekunja nyuso, kama wanaosikiliza mtu akitapika.

Waliingia chumba cha pasi siku iliyofuata saa nane mchana: Viatu na magongo yake, Redio akitembea peke yake bila kushikwa, Wakili nyuma. Wengine walisimama ukumbini pamoja na mama wa usafi. Hakuna aliyekubali mlango ufungwe, wakauwekea ndoo.

Ndoo ilisogea. Ilijiburuta juu ya sakafu polepole, maji yakichezacheza ndani, na mlango ukaja, ukafunga, na nyuso za ukumbini zikatoweka pamoja na sauti zao. Viatu alisema, "Mungu wangu," na neno lake likaanguka karibu na mdomo wake kama limefungwa kwa pamba. Harufu ilikuwepo. Wakili alisimama mahali pake pa siku zote, akakitazama kiti, na sauti aliyoitumia kuwavua watu utu katika chumba hicho hicho ikagoma, ikatoka mara ya kwanza kama ya paka, mara ya pili kama ya mtoto, na mara ya tatu ndipo ikatoka kama yake, akasema naondoa shtaka dhidi ya fulani binti fulani, na akamtaja Viatu na mama yake, naondoa shtaka dhidi ya fulani binti fulani, na akamtaja Redio na mama yake, sina ushahidi, sina kesi, sikuwa nayo tangu mwanzo.

Akasubiri swali. Alikuwa amejiandaa kwa swali, meno ameyabana mpaka masikio yakauma.

Hakuna aliyeuliza kitu.

"Sukuma," alinong'ona Viatu.

Wakaweka mikono, na Viatu gongo, wakasukuma kwa nguvu zao zote, na kiti kikaruka kama tenga tupu, kikagonga ukuta, kikavunjika mguu. Kilikuwa chepesi kabisa. Wakili alianguka juu ya meza kwa nguvu aliyoitoa bure.

Mlango ukafunguka. Kelele za bweni zikaingia zote kwa pamoja, mabomba, vicheko, redio ya mtu, mama wa usafi akiita. Na ndani ya kelele hizo ikasikika sauti ya chini, yenye kukwaruza kidogo.

"Maji," alisema Redio. "Jamani, nipeni maji."

Walimbeba. Walipiga vigelegele mpaka Matroni akapanda juu na khanga moja, na ukumbi mzima ukataka kumsikia Redio akisema kitu, chochote, hata tusi. Wakili alibaki mlangoni pa chumba cha pasi akijipangusa vumbi. Hofu ilikuwa inamtoka, na kilichokuwa kinarudi mahali pake alikijua vizuri. Watazame, aliwaza, wanavyolia na kurukaruka. Kiti chenyewe kilikuwa hakina hata uzito. Jini gani huyo, sentensi mbili tu amekimbia. Yule mshona viraka alitaka kunitisha.

Alimkuta Redio chumbani kwao baadaye kidogo, peke yake, glasi ya maji mikononi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja Redio alimtazama usoni.

"Kaa," alisema. Wakili alikaa.

"Nilikuwa humo, unajua? Mwili ulikuwa hapa, mimi nilikuwa kule mbele ya kile kiti. Nilisikia kila ulichosema. Kasuku. Bomba. Nilisikia kama unanisemea sikioni."

"Nilikuwa najifunza tu kwa ajili ya..."

"Ngoja nimalize. Leo nimalize." Aliweka glasi chini. "Kila asubuhi alikuwa ananiuliza swali moja. Ananiambia, nikufungulie wewe, nimfunge yeye? Kwa upole sana. Siku ya kwanza nikamwambia hapana. Nikamwambia mwenzangu yule ana mtihani, ana hasira za kusoma, si mtu mbaya. Akacheka. Siku ya pili akaniuliza tena. Ya tatu. Ya nne akanionyesha unavyosoma kurasa zako arobaini. Nikasema hapana. Siku zote kumi nilisema hapana."

Nje ukumbini mtu alikuwa anaimba.

"Jana ulipokwenda kuuliza jina la mama yangu, nilisikia na hilo. Usiku kucha nilikuwa nalifikiria. Miaka mitatu." Redio alipangusa macho kwa kiganja, kwa haraka, kama mtu anayefukuza kitu. "Leo asubuhi aliponiuliza, nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, haya, sawa. Akainuka kitini hapo hapo, akasema nitafunguliwa mimi kwanza, wewe baadaye. Mlipokuja mchana kitini hakuwepo."

Wakili alisikia maneno yale, na akayaelewa mpangilio wake wote, kama hoja iliyopangwa vizuri. Akafungua kinywa. Alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa na pingamizi tatu tayari, na baada ya hizo tatu, kwa mara ya kwanza maishani, ombi la msamaha ambalo hakulitunga. Ulimi uliinuka. Koo likapanda na kushuka. Alijaribu tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na pumzi ikatoka kavu, bila chochote juu yake, na puani mwake mlikuwa na harufu ya kitambaa kinachoungua, na ilitoka ndani yake mwenyewe.

Kengele ya chakula ikalia chini. Redio aliinuka, akamtafutia Wakili kandambili zake chini ya kitanda, akaziweka mbele ya miguu yake, akamshika mkono.

"Twende tukale," alisema. "Kuongea nitaongea mimi."